Unataka akwaria kubwa nyumbani? Jinsi ya kuchagua samaki wasiouana

MKWAJUNI, SONGWE: Akwaria kubwa sebuleni au mapokezi ya gesti inavutia macho. Tatizo linakuja wiki ya tatu. Umeshanunua samaki kumi na tano wa rangi tofauti, asubuhi unaamka unakuta wanne wanaelea, wawili hawana mikia, na mmoja mkubwa anazunguka tangi zima kama mwenye nyumba. Hela imekwenda na hujui kosa liko wapi.

Mara nyingi samaki hawakuwa wagonjwa. Kosa lilianzia dukani: waliwekwa pamoja samaki wasiopaswa kukaa pamoja.

Makala hii inahusu samaki wa familia ya Cichlidae, ambao hapa tutawaita sikilidi. Usitishwe na jina. Sato ni sikilidi. Perege ni sikilidi. Furu wa Ziwa Victoria ni sikilidi. Ndugu zao wadogo wenye rangi kali, wa bluu, njano, chungwa na milia, ndio wanaofugwa kwenye matangi ya kioo Ulaya, Marekani na Asia.

Ukiwa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, uko kati ya maziwa matatu. Ziwa Rukwa liko jirani. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, lenye spishi zaidi ya 200 za sikilidi, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Kusini mashariki, ukishuka Kyela hadi Matema, kuna Ziwa Nyasa lenye spishi zaidi ya 500. Yaani samaki ambao Mjerumani anawanunua kwa bei mbaya asili yao ni huku kwetu.

Kwa nini sikilidi wanapigana?

Sikilidi ni samaki wa eneo. Dume hujichagulia jiwe, shimo au kipande cha mchanga, halafu humfukuza kila anayesogea. Ziwani anayefukuzwa anakimbia mita kumi na mambo yanaisha. Kwenye tangi hana pa kukimbilia, kwa hiyo anapigwa mpaka anakufa.

Anayepigwa zaidi ni yule anayefanana na mpigaji kwa rangi au umbo, kwa sababu dume humwona kuwa mpinzani wa majike yake. Ndiyo maana madume wawili wa bluu wenye milia hugombana, wakati wa bluu na wa njano wanaweza kupishana bila shida.

Hapo unapata kanuni tatu za kuchagua:

1. Samaki watoke kwenye maji ya aina moja.
2. Wale chakula cha aina moja.
3. Wasifanane rangi na wasigombee sehemu moja ya tangi.

Ukivunja moja kati ya hizo tatu, imekula kwako.

Anza na tangi, samaki baadaye

Kwa sikilidi wa Afrika, urefu wa tangi una maana kuliko kimo. Samaki hawa wanagawana sakafu na mawe. Tangi refu linatoa maeneo mengi zaidi kuliko tangi la kusimama lenye lita zilezile.

Ili kujua lita, zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 150 × 50 × 50 lina lita 375. Hilo ni tangi zuri la kuanzia kwa mtu anayetaka mchanganyiko wa samaki. La sentimita 120 × 50 × 50, lita 300, linatosha kwa mchanganyiko mdogo.

Kumbuka uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 375, ukijumlisha kioo, mchanga na mawe, ni karibu nusu tani. Usiliweke kwenye kabati la televisheni. Tafuta meza ya chuma au ya tofali juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka, na chini ya kioo tandika shiti la povu gumu ili uzito usambae. Fundi vioo akikuambia kioo cha milimita 6 kinatosha kwa tangi la ukubwa huo, tafuta fundi mwingine. Anzia milimita 10, na juu viwekwe vipande vya kioo vya kuzuia kuta zisitanuke.

Jiulize kuhusu maji: unaweza kubeba ndoo ngapi?

Swali hili watu hulisahau. Sikilidi wanakula sana na wanachafua sana. Kila wiki unatoa asilimia 25 hadi 30 ya maji na kuweka mapya. Kwa tangi la lita 375 hiyo ni kama lita 100, yaani ndoo tano za lita 20. Kila wiki, kiangazi na masika.

Kama nyumbani kwako maji ya kiangazi yananunuliwa kwa dumu, piga hesabu ya mwaka mzima kabla ya kuagiza kioo. Bora tangi la lita 200 linalotunzwa kuliko la 400 linalonuka. Maji unayotoa usiyamwage ovyo, yana mbolea. Mwagilia mchicha au miche.

*Maji ya bomba yenye dawa:* yaache kwenye pipa wazi saa 24 au zaidi, ukiweza weka pampu ya hewa, ili klorini itoke. Au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa maduka ya samaki.

*Maji ya kisima:* mara nyingi hayana klorini, lakini yapime kwanza.

*Tahadhari kwa wa Mkwajuni:* eneo letu ni la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Zebaki na sayanaidi hutumika kwenye uchenjuaji. Usichote maji ya tangi kwenye vijito au mashimo yaliyo karibu na mialo, na usitumie mchanga wa marudio hata kama ni mweupe na unang'aa vizuri. Vilevile usiokote mawe ya mbale kwa sababu tu yanametameta. Mawe hayo yanaweza kuwa na madini yanayotoa sumu polepole ndani ya maji, samaki wakafa mmoja mmoja bila wewe kuelewa. Chukua mchanga wa mto ulio mbali na uchimbaji, uoshe mpaka maji yatoke meupe.

pH na ugumu wa maji

Maziwa yetu yana maji magumu, yenye chumvichumvi na pH ya juu. Ziwa Tanganyika liko karibu 9. Ziwa Nyasa liko kati ya 7.7 na 8.8 hivi. Joto la kuwafaa samaki wa maziwa yote mawili ni nyuzi 24 hadi 27.

Huna haja ya kukimbizana na namba kamili. Samaki waliozaliwa kwenye matangi wanavumilia pH ya 7.8 hadi 8.6 vizuri. Wasichovumilia ni kupandishwa na kushushwa kila siku. Kwa hiyo usitie magadi kwa kukisia.

Njia rahisi ni mawe ya chokaa. Ukanda wa Songwe una chokaa nyingi, hadi inatengenezewa saruji. Kulijaribu jiwe, lidondoshee siki. Likitoa povu, lina chokaa na litasaidia kushikilia pH juu. Lisipotoa povu, bado unaweza kulitumia kama pambo, mradi halina madini ya ajabu.

Panga mawe kwanza, yakae moja kwa moja juu ya kitako cha tangi au juu ya shiti jembamba la plastiki, kisha ndipo umwage mchanga. Sikilidi wanachimba. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litachimbwa chini yake, litaanguka, na kioo kitapasuka.

Usiweke samaki siku unayojaza maji

Kosa hili huua samaki wengi kuliko mapigano. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wazuri hubadilisha amonia kuwa nitraiti, nayo bado ni sumu, kisha kuwa nitreti ambayo ina madhara kidogo na hutolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huota kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga na kwenye mawe, na huchukua wiki nne hadi sita kuwa wengi wa kutosha.

Washa filta tangi likiwa halina samaki. Kila siku tia chembe kidogo za chakula ili zioze na kutoa amonia. Pima. Amonia ikiwa sifuri na nitraiti ikiwa sifuri huku bado unatia chakula, tangi liko tayari. Ukipata sponji iliyotumika kutoka kwa mfugaji mwenye tangi lenye afya, muda unapungua sana.

Kwa sikilidi wa Afrika hili ni muhimu zaidi, kwa sababu kwenye maji ya pH ya juu amonia huwa kali zaidi. Kiasi ambacho samaki wa maji laini wangestahimili, hawa kinawaua.

Filta iwe na nguvu ya kuzungusha maji ya tangi zima mara tano hadi nane kwa saa. Kwa lita 375 tafuta yenye lita 2,000 hadi 3,000 kwa saa. Sponji ioshwe kwenye ndoo ya maji ya tangi, si kwenye bomba, usije ukaua bakteria wako.

Sasa chagua: njia nne

Usichanganye njia hizi. Chagua moja.

1. Mbuna wa Ziwa Nyasa

Mbuna ni sikilidi wa kwenye miamba, jina lao limetoka kwa Watonga wa Malawi. Ni wadogo, wengi kati ya sentimita 8 na 13, rangi zao zinawaka na wanatembea muda wote. Kwa mtu anayetaka tangi lenye pilikapilika, hawa ndio wenyewe.

Mchanganyiko unaofaa tangi la lita 375:

• *Labidochromis caeruleus*, wa njano mwenye ukingo mweusi kwenye pezi la mgongoni: 6 hadi 8. Mpole kuliko mbuna wengi, mzuri kwa anayeanza.
• *Maylandia estherae*, rangi ya chungwa: 6 hadi 8.
• *Labeotropheus trewavasae*, mwenye pua inayoning'inia juu ya mdomo: 5 hadi 6.
• Gogogo wadogo wa jamii ya Synodontis: 3.

Kwa kila spishi weka dume mmoja kwa majike watatu au zaidi. Dume akiwa na jike mmoja tu, atamsumbua mpaka amuue. Akiwa na wanne, usumbufu unagawanyika.

Ukipenda *Chindongo demasoni*, yule mdogo wa bluu na milia myeusi, jua anatoka upande wetu, kwenye miamba ya Pombo ndani ya Ziwa Nyasa Tanzania. Anavutia lakini ana hasira na wenzake. Nunua kundi la 12 au zaidi, au acha kabisa. Watatu wataishia kubaki mmoja.

Wa kuepuka ukiwa mgeni: *Melanochromis auratus*. Akiwa mdogo ni mzuri, njano na milia myeusi. Akikua dume anageuka mweusi na kuwa jambazi wa tangi zima.

Mbuna wengi ni walaji wa mwani. Wape chakula cha majani, chenye spirulina, pamoja na mchicha uliochemshwa kidogo. Usiwape nyama ya ng'ombe wala moyo. Matumbo yao marefu hayawezi. Samaki akikataa kula, tumbo likavimba na kinyesi kikawa cheupe kama uzi, ameshaanza ugonjwa wa tumbo, na kupona ni shida.

Kinyume na kawaida, mbuna wachache ni hatari kuliko wengi. Tangi likiwa na 20 hadi 25, mbabe hapati mtu mmoja wa kumwandama. Lakini wingi huo unahitaji filta ya nguvu na zile ndoo tano bila kuruka wiki.

2. Samaki wa mchanga na maji wazi wa Ziwa Nyasa

Hawa ni wakubwa kidogo, wapole zaidi, na madume yao wana rangi za kupendeza. Mifano ni jamii ya *Aulonocara*, *Sciaenochromis fryeri* wa bluu iliyokolea, na *Copadichromis borleyi*.

Mawe machache, mchanga mwingi, nafasi ya kuogelea. Chakula chao kina protini zaidi kuliko cha mbuna, na hiyo ni sababu moja ya kutowachanganya. Sababu ya pili ni kwamba mbuna ni wakorofi. *Aulonocara* akiwekwa na mbuna atajificha na rangi itafifia.

Majike wa *Aulonocara* wanafanana sana kati ya spishi na spishi, wote kijivu. Ukichanganya, watazaana ovyo na utapata watoto wasio na aina. Wengi huamua kufuga madume tu, mmoja wa kila rangi, 10 hadi 12 kwenye lita 375. Hakuna majike, ugomvi unapungua.

Angalia *Nimbochromis livingstonii*, ambaye jina lake linamkumbuka David Livingstone. Ni mwindaji. Hulala ubavu kwenye mchanga kama mzoga, samaki wadogo wakija kudonoa anawameza. Anafika sentimita 25. Kumwangalia ni burudani, ila usimweke na samaki wanaoenea mdomoni mwake.

3. Mchanganyiko wa Ziwa Tanganyika

Hapa fikiria nyumba ya ghorofa. Kila spishi ina sakafu yake, kwa hiyo hawagombani sana.

• *Chini kwenye mchanga:* *Neolamprologus multifasciatus*, sikilidi mdogo sana, sentimita 3 hadi 5, anayeishi ndani ya makombe ya konokono. Anza na 6 na makombe 15 au zaidi. Wataunda mtaa wao, na watazaa humo humo.
• *Kwenye mawe:* jozi moja ya *Julidochromis*, mwembamba mwenye milia. Upande wa pili wa tangi, *Altolamprologus calvus* mmoja au jozi, bapa na anayekua polepole. Anakula vifaranga, kwa hiyo usishangae wakipungua.
• *Juu kwenye maji wazi:* kundi la *Cyprichromis leptosoma* 10 hadi 12. Wanaruka, hivyo tangi liwe na kifuniko.

Weka rundo la mawe kila upande na uwanja wa mchanga katikati. Ukiyatandaza mawe tangi zima, mipaka inapotea na vita inaanza.

*Neolamprologus brichardi*, mwenye mapezi marefu, ni mzuri mno, lakini jozi ikizaa, watoto wakubwa husaidia kulinda wadogo na ukoo unateka tangi lote. Mpe tangi lake peke yake.

4. Samaki mmoja mkubwa: Cyphotilapia

Huyu ndiye mwenye nundu kwenye paji la uso, milia mipana ya bluu nyeusi na nyeupe. Anatoka maji ya kina ya Ziwa Tanganyika. Ni mtulivu, anatembea polepole kama mzee wa baraza, na ndiye anayefaa mapokezi ya gesti kuliko wote.

Lakini anapita sentimita 30 na anaishi miaka mingi. Anahitaji kundi la 6 hadi 8, dume mmoja, kwenye lita 500 na kuendelea. Usimweke na mbuna, watamnyanyasa. Usimweke na *Cyprichromis* pia, maana ziwani hao ni chakula chake, huwavizia alfajiri.

*Tropheus* nao ni wa Ziwa Tanganyika, wanapendwa sana duniani, ila si wa kuanzia. Wanataka kundi la 15 au zaidi, chakula cha majani tupu, na wakiugua tumbo wanakwisha wote.

Nani anaweza kukaa na sikilidi?

Gogogo wa jamii ya Synodontis ndiye rafiki wa kweli. Ana miiba, ana ngozi ngumu, hutoka usiku, na maji magumu ni kwao. *Synodontis multipunctatus* wa Ziwa Tanganyika ana tabia ya ajabu. Sikilidi jike anapotaga na kuokota mayai yake mdomoni, gogogo hupita na kudondosha ya kwake katikati. Jike huyaokota yote. Vifaranga wa gogogo huanguliwa mapema na kula mayai ya mwenye nyumba humo humo mdomoni.

Wasiokaa pamoja:

• Samaki wa dhahabu: anataka maji ya ubaridi, yuko polepole, atanyofolewa mapezi.
• Gapi na samaki wengine wadogo: ni chakula.
• Sikilidi wa Amerika Kusini kama skala, diskasi na oska: skala na diskasi wanataka maji laini yenye pH ya chini. Oska anafika sentimita 30 na anameza chochote kinachoenea.
• Kambale: akiwa mdogo anaonekana mtulivu. Baada ya miezi michache umebaki na kambale peke yake.
• Sato na perege: wanakua haraka na wanang'oa kila kitu. Perege wa Rukwa, *Oreochromis rukwaensis*, anaweza kufika sentimita 30. Huyo ni wa bwawa.

Mkwajuni joto, Tunduma baridi

Ndani ya mkoa mmoja hali ni tofauti. Tunduma na Vwawa, Juni na Julai usiku ni baridi kweli, bila hita samaki watasinzia na kuugua. Kwa lita 375 weka hita ya wati 300. Ikifanya kazi saa 10 kwa siku unatumia uniti 3, weka hiyo kwenye bajeti.

Mkwajuni kuna joto zaidi. Huku tatizo kubwa ni Oktoba na Novemba. Maji yakipita nyuzi 29 hewa ndani yake inapungua na samaki wanahema juu. Usiweke tangi linapopigwa na jua. Fungua kifuniko kiasi, ukiweka wavu wasiruke, elekeza feni juu ya maji, ongeza pampu ya hewa, punguza chakula.

Umeme ukikatika, usilishe. Samaki wazima wanakaa siku kadhaa bila kula, lakini hewa wanaihitaji saa hiyohiyo. Nunua pampu ya hewa ya betri, au unganisha ndogo kwenye sola. Kama huna, chota maji kwa jagi na kuyamwaga tena kutoka juu, kila baada ya dakika chache. Tangi lililojaa samaki linaweza kuanza kuua ndani ya saa chache.

Kununua na kusafirisha

Maduka ya samaki wa mapambo yako zaidi kwenye miji mikubwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, halafu kuna safari ya Mbalizi hadi Mkwajuni. Mwombe muuzaji asiwalishe samaki siku moja kabla. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji na theluthi mbili hewa, bora oksijeni. Samaki wakubwa, kila mmoja mfuko wake. Mifuko iwekwe kwenye boksi la povu lenye kifuniko, giza linawatuliza.

Ukifika, zima taa. Acha mfuko uelee dakika 15 hadi 20, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha watoe kwa wavu. Yale maji ya mfuko yamwage nje.

Muulize muuzaji jina la kisayansi na ziwa wanakotoka. Akijibu tu kwamba ni mchanganyiko wa Afrika, ujue unanunua bahati nasibu. Nunua wadogo wa rika moja, waingie pamoja au ndani ya siku chache. Ukilazimika kuongeza baadaye, wakae kwanza kwenye tangi la pembeni wiki mbili hadi nne, na siku ya kuwaingiza badilisha mpangilio wa mawe ili wenyeji nao wajione wageni.

Kuhusu kwenda mwenyewe Matema au Kasanga kuvua: uvuvi wa kibiashara, wa samaki wa mapambo ukiwemo, unahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ofisa uvuvi wa wilaya atakueleza utaratibu. Usikurupuke.

Ukichoka, usimwage mtoni

Watu huchoka. Samaki wamezaa, tangi limejaa, mtu anabeba ndoo hadi mtoni na kuwaachia, akiona kama amewasaidia.

Tanzania inajua bei ya jambo hilo. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Alipoongezeka miaka ya 1980, spishi nyingi sana za furu zilitoweka, nyingine kabla hazijapewa hata jina. Na si lazima awe mkubwa kama sangara. Kule Malawi, kwenye kisiwa cha Thumbi West, mbuna waliohamishwa na biashara ya samaki wa mapambo kutoka sehemu nyingine za ziwa lilelile walizaana na wenyeji na kuwachanganya.

Mito mingi ya Songwe inaishia Rukwa. Samaki wako mgeni akifika huko hakuna wa kumtoa. Wape wafugaji wengine, warudishe dukani, au tenga majike na madume wasizae.

Kabla hujatoa hela, jibu haya

1. Tangi langu ni lita ngapi, na meza inabeba uzito huo?
2. Nina maji salama ya kubadilisha kila wiki, hata Oktoba?
3. Filta imefanya kazi wiki ngapi? Amonia na nitraiti ni sifuri?
4. Samaki wote wanatoka ziwa moja na wanakula chakula kimoja?
5. Kila mmoja akikua atafika sentimita ngapi?
6. Umeme ukikatika usiku nina hewa ya dharura?

Ukiwa na majibu sita, nenda kanunue. Ukiwa na matano, subiri kidogo, tangi tupu halili hela.